UZI: Gari la gesi asilia (CNG) limenunuliwa Dar, sasa liko Mwanza. Kagua nini, na fundi asiguse wapi

SilindaKwanza

Wakuu wa Kanda ya Ziwa, heshima kwenu.

Magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia yameanza kuonekana huku kwetu, Igoma, Buzuruga, mpaka Nyegezi. Karibu yote ni ya mkononi kutoka Dar. Gesi yenyewe inatoka Songo Songo na Mnazi Bay na bomba lake linaishia Dar, halijafika Usukumani. Silinda ya lita 60 inabeba gesi kilo 10 hivi, ambayo haikufikishi hata Dodoma, wakati Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa hiyo gari linaingia Mwanza likitumia petroli, na silinda imekaa nyuma. Muuzaji haizungumzii, mnunuzi anaiona kama kopo tupu, fundi wa bodi anaweka sponji ya kung'arishia juu yake.

Uzi huu ni kwa ajili ya silinda hiyo.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Gesi asilia ikiwa nje, mahali pa wazi, ni mpole kuliko petroli. Ni nyepesi karibu nusu ya uzito wa hewa, inapaa na kutawanyika. Inashika moto tu ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na inahitaji joto la nyuzi 540 hivi kujiwasha, ambapo petroli inajiwasha chini ya nyuzi 300. Kinachoua ni mgandamizo. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo. Silinda ya CNG iliyojaa ina baa 200. Maana yake kila eneo la sentimita moja ya mraba, kama ukucha wa kidole chako, linasukumwa na kilo 200, uzito wa mtamba wa kienyeji. Chuma kizima kinabeba hilo bila shida, kwa sababu silinda mpya inapimwa kwa baa 300 kabla haijatoka kiwandani. Chuma kilicholiwa na kutu, kilichogongwa au kilichochomelewa hakina ahadi hiyo.

Humu nitasema SILINDA kwa ya gesi asilia, na MTUNGI kwa ule wa kupikia, tusichanganyane.

Kabla hujalipia gari, anza na chapa ya silinda. Imegongwa begani au iko kwenye stika iliyofunikwa na varnishi. Tafuta maneno CNG ONLY, namba ya silinda, mgandamizo wa kazi (200 bar), ujazo wa lita, tarehe ya kutengenezwa, na mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Kiwango cha ISO 11439 hakiruhusu silinda kuzidi miaka 20, na wapo watengenezaji wanaotoa miaka 15. Tarehe ya mwisho ikipita, hakuna kipimo cha kuiongezea umri. Kisha linganisha namba ya silinda na cheti cha karakana iliyofunga. Namba zikipishana, hiyo silinda imetoka kwenye gari jingine na hujui ilipitia nini.

Ikiwa chapa imepakwa rangi haisomeki, usikubali "nitakuletea karatasi kesho".

bi_Mabatini

Asante kwa uzi mkuu. Naomba kuuliza kwa niaba ya wengi: nasikia kuna watu wanaunganisha mtungi wa kupikia kwenye bajaji na kwenye mashine za mitumbwi, wanasema gesi ni gesi. Ni kweli ni kitu kimoja?

MkaguziMstaafu

Dada, si kitu kimoja, na hapa naomba kila mtu asome taratibu.

Mtungi wa kupikia una propeni na buteni. Ndani yake gesi imekaa kama kimiminika, kwa mgandamizo usiofika baa 10 kwenye joto la Mwanza. Ukuta wake ni mwembamba kwa sababu hauhitaji zaidi. Ukiuunganisha na chanzo cha baa 200 unapasuka kabla hujamaliza kugeuza koki. Nigeria, mjini Benin City, Oktoba 2024, gari lililipuka likiwa linajazwa CNG kituoni. Taarifa ya awali ya serikali ilisema silinda haikuwa ya kazi hiyo na ilikuwa imechomelewa. Vivyo hivyo silinda ya oksijeni ya wachomeleaji: inahimili mgandamizo mkubwa, ndiyo, lakini haikuundwa kwa kujazwa na kumalizwa kila siku huku ikitikiswa na barabara.

Tofauti ya pili ndiyo inayohusu gereji na ziwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propeni mara moja na nusu, buteni mara mbili. Ikivuja inashuka na kulala chini: kwenye shimo la gereji, kwenye mtaro, na kwenye sakafu ya mtumbwi chini ya mbao, mahali ambapo hakuna upepo unaoingia. Inakaa hapo ikingoja cheche ya kuwasha mashine. Gesi asilia inafanya kinyume, inapanda. Kwa hiyo gari la CNG linalovuja ndani ya gereji ya mabati iliyozibwa juu, gesi inakusanyika kwenye kenchi, pale pale ilipo taa na nyaya. Fundi ananusa chini, haoni kitu, anawasha swichi.

Gereji inayopokea gari la CNG iwe na uwazi juu kabisa ya ukuta au kwenye paa, pande mbili, upepo upite. Kama hakuna, fanyia kazi nje.

Na mtungi wa kupikia usipande bajaji. Gari la LPG, yaani linalotumia gesi kama hiyo ya mtungi, lina tangi lake, lenye vali inayozuia kujaa zaidi ya asilimia 80 na inayofunga yenyewe bomba likikatika. Mtungi wa jikoni hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Kirumba_Spea

Mimi naongeza kwenye ukaguzi. IST, Probox, Noah: haya yote buti limeungana na abiria, hakuna ukuta katikati. Kwa hiyo shingo ya silinda LAZIMA iwe ndani ya mfuko au boksi lisilopitisha gesi, lenye mipira miwili mipana inayotokea chini ya gari. Vali ikivuja, gesi inatoka nje kupitia hapo badala ya kujaa kwa abiria.

Mara nyingi mfuko umechanika kwa sababu ya gunia la mkaa au kreti za soda, au mpira umechomoka ukabaki unaning'inia ndani ya buti, na hapo ni sawa na kutokuwa nao. Au mdomo wa chini umezibwa na tope au nyigu wamejenga. Lala chini, tafuta midomo miwili, puliza mmoja, mwenzio aweke kiganja kwenye mwingine. Hewa isipotoka, fungua uone.

SilindaKwanza

Kirumba_Spea umegusa penyewe. Niendelee.

Mikanda. Silinda ya chuma ya lita 60 pamoja na gesi inakaribia kilo 70. Kanuni namba 110 ya Umoja wa Mataifa inataka vishikizo vya gari dogo vihimili mara 20 ya uzito huo kwenda mbele. Hiyo ni tani 1.4 inayotaka kuruka kuelekea kwenye migongo ya abiria siku ya ajali. Sasa pasua zulia uangalie: bolti zimepita kwenye bati tupu la sakafu na washa ndogo? Haitoshi. Chini ya sakafu kuwe na bamba la chuma, au bolti ziingie kwenye fremu. Kati ya mkanda na silinda kuwe na mpira mzima. Mpira ukilika, chuma kinasugua chuma na maji yanatuama hapo hapo.

Kutu ya chini ya mkanda ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haionekani. Chukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea, pitisha kioo chini ya silinda kuanzia mwisho hadi mwisho. Kutu ya vumbi jekundu inayofutika kwa kitambaa si neno. Vishimo ni neno. Ukucha ukinasa kwenye shimo, simamisha biashara, silinda iende kwa wapimaji. Ujerumani, mwaka 2016 mjini Duderstadt, Volkswagen Touran ilipasuka ikijazwa gesi kwa sababu kutu ilikuwa imekula silinda. Kama kule kwenye ukaguzi wa kila mara imetokea, gari lililokaa miaka Kigamboni kwenye hewa ya chumvi usilipe imani bure.

Na huku kwetu tuna adui wa aina yake: maji ya samaki. Gari linabeba sangara wa barafu kutoka mwaloni, maji yanachuruzika chini ya zulia, yanaingia kwenye mikanda. Samaki wa chumvi ni mbaya zaidi. Mwenye gari la CNG asibebe samaki buti moja na silinda. Tindikali ya betri vilevile, hasa kama silinda yako ni ile nyepesi iliyozungushiwa nyuzi za kioo. Tindikali inazikata nyuzi kimya kimya na huoni kitu mpaka zimeachia.

Fundi Umeme Nyakato

Wakuu, mafundi wenzangu wengi wananaswa na hili, nisikilizeni.

GEJI KUSOMA SIFURI SI USHAHIDI KWAMBA SILINDA HAINA GESI.

Kwenye mifumo mingi geji iko kwenye regulata (kifaa cha kushusha mgandamizo wa gesi), mbele ya injini. Juu ya silinda kuna vali ya umeme inayojifunga injini ikizimwa. Bomba la katikati likivuja kidogo kidogo wakati gari limekaa, geji inashuka hadi sifuri huku silinda nyuma ina baa 80 au 150. Mtu anasoma sifuri, anachukua spana, anaanza kufungua shingo. Vali ikiruka kutoka kwenye silinda yenye mgandamizo ni risasi.

Kwenye gari lililotoka Dar na kufika kwa petroli, chukulia silinda ina gesi hadi ithibitishwe vinginevyo. Funga vali ya mkono iliyo juu ya silinda, geuza kulia hadi igome, kwa mkono tu bila spana. Usifungue nati yoyote upande wa silinda.

Jingine. Hata kama hutumii gesi, maji ya rejeta bado yanapita kwenye regulata. Gesi ikishuka kutoka baa 200 hadi 2 hivi inapoa sana, ndiyo maana regulata inapashwa moto na maji ya injini. Mipira hiyo miwili ikizeeka unapoteza maji, injini inachemka kwenye kilima cha Bugando na fundi anahangaika na rejeta bure. Kama umeamua kuachana na gesi, unganisha mipira ya maji moja kwa moja, regulata itoke kwenye mzunguko.

Na nyaya: kontroli boksi ya gesi imepita katikati ya nozeli za petroli. Ikiungua gari linazima au linakosa silinda moja, mbili. Mifumo mingi ina soketi ya kuunganisha nozeli zirudi kama zamani. Usikate nyaya na kufunga selotepu.

Mwana_Igogo

Mimi nashauri njia fupi: kama huku hakuna gesi, toa silinda, peleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kilo 60 ni hela. Na kama unataka kujua mfumo unavuja au hauvuji, jaza hewa ya kompresa ya matairi, piga sabuni, kwisha.

MkaguziMstaafu

Ndugu yangu Mwana_Igogo, najua umeandika kwa nia njema, lakini mambo yote mawili yanaua watu. Tafadhali yeyote atakayesoma asifuate.

Hewa kwanza. Silinda yenye mabaki ya gesi ukiiongezea hewa, umetengeneza mchanganyiko unaoweza kuwaka NDANI ya silinda. Gesi tupu ndani ya silinda haiwaki, haina oksijeni. Wewe umeipelekea. Pia kompresa inasukuma mvuke wa mafuta na maji. Mfumo unapimwa kwa naitrojeni au kwa gesi asilia yenyewe. Oksijeni ya mchomeleaji usiiwaze kabisa.

Chakavu sasa. Mnunuzi wa chakavu anakata kwa moto. Silinda iliyobaki na gesi, hata baa 2, ikikutana na moto wa kukatia hakuna anayebaki kusimulia. Silinda ya kuharibiwa inafuata mpangilio huu: karakana yenye vifaa inatoa gesi kwa bomba, taratibu, nje, mbali na paa na moto, silinda ikiwa imeunganishwa na ardhi ili umeme tuli usiruke. Mgandamizo ukithibitishwa sifuri kwenye silinda yenyewe, vali inatolewa. Silinda inajazwa maji hadi shingoni, maji yafukuze gesi yote iliyobaki. Ndipo inatobolewa ili asitokee mtu wa kuipaka rangi na kuiuza tena. Namba yake inaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba imekufa.

Kama silinda ni nzima na una mpango wa kurudi kwenye gesi, usiimalize. Acha gesi kidogo ndani, vali ya mkono imefungwa. Silinda tupu iliyo wazi inavuta unyevu, na kutu ya ndani huwezi kuiona kwa kioo cha kunyolea.

Mwana_Igogo

Nimeelewa mkubwa. Nimekoma na hewa. Asante kwa kunirekebisha mbele ya watu, wengine watapona.

bi_Mabatini

Na mapovu je, yanapimwaje sasa? Na kuchomelea bodi?

Kirumba_Spea

Mapovu, dada. Sabuni ya unga kijiko kimoja kwenye nusu lita ya maji vuguvugu, koroga taratibu usitengeneze povu mapema. Gari nje, injini imezimwa baada ya kutembea kwa gesi ili bomba liwe na mgandamizo. Kama haliwashiki kwa gesi, utapima shingo ya silinda peke yake. Chukua brashi laini ya rangi, paka shingo ya vali, kila nati ya bomba, kiungio cha kujazia, regulata. Halafu SUBIRI dakika mbili tatu. Mvujo mkubwa utausikia kwa masikio. Mdogo unajitokeza polepole, vipovu vidogo vinashikamana kama mayai ya chura pembeni ya nati. Ukiona, funga vali ya mkono. Usikaze nati ikiwa na mgandamizo. Mara nyingi si kulegea, ni pete ya kubana bomba iliyokwisha kaa vibaya, na ukikaza unaikata kabisa. Pua usiitegemee peke yake, pua huzoea harufu.

Bomba la chuma la milimita 6 lipite mbali na ekzosi, sentimita 10 au zaidi, la sivyo kuwe na bati la kuzuia joto. Lishikwe kila nusu mita hivi. Bomba lililokunjwa kwa nguvu likabonyea linabadilishwa zima, haliungwi.

Kuchomelea: vali ya mkono imefungwa, betri na kontroli boksi zimechomolewa, na kama kazi iko nusu ya nyuma ya gari, silinda itolewe na wenye ujuzi kabla mchomeleaji hajashika nyaya. Waya wa ardhi usibanwe kwenye mkanda wa silinda hata kidogo. Cheche moja ikigusa ukuta wa silinda na kuacha doa, silinda hiyo imeisha, hata kama doa ni dogo kama punje ya mtama. Joto lile la ghafla hubadilisha ugumu wa chuma pale, na ufa huanzia hapo. Tanuri la kukausha rangi nalo silinda isiingie.

Sengerema_Kamanga

Nauliza kuhusu feri. Siku hizi tunapita daraja la Kigongo–Busisi, lakini Kamanga bado tunavuka, na Rugezi kwenda Ukerewe.

SilindaKwanza

Kabla ya kupanga foleni, funga vali ya mkono gari likiwa bado kwenye gesi. Kisha tembea kidogo injini imalize gesi iliyobaki bombani, ndipo uhamie petroli. Waambie wahudumu wa feri una silinda ya gesi, wakupange pembeni, mahali pa wazi juu, si katikati ya malori. Injini izimwe, vioo viwe wazi kidogo. Ukisikia harufu au mluzi, usiwashe gari kulisogeza.

MkaguziMstaafu

Nimalizie sehemu ya moto, kwa sababu hata wanaojua wanakosea hapa.

Kwenye vali ya silinda kuna kizibo cha usalama chenye madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Gari likiungua, kizibo kinayeyuka, gesi inatoka kwa mluzi mkali na mwali mrefu mpaka silinda iwe tupu. Watu wakiona mwali wanadhani silinda imelipuka, kumbe imejiokoa. Kwa hiyo mwali huo usiuzime. Ukiuzima na gesi inaendelea kutoka, itakusanyika na kuwaka upya kwa kishindo. Na maji yasielekezwe kwenye vali: ukikipoza kizibo hakiyeyuki, huku ukuta wa silinda upande mwingine unaendelea kupata moto. Kizibo kinalinda pale kilipo. Seattle, Marekani, mwaka 2007, gari la CNG lilichomwa, moto ukaipasha silinda mbali na kizibo, silinda ikapasuka.

Mvujo bila moto: zima injini, toa funguo, milango yote na buti wazi, funga vali ya mkono ikiwa unaifikia bila kuinamia mahali panapotoa mluzi, wapeleke watu upande upepo unakotoka. Usiguse swichi yoyote, taa ya ndani ikiwemo. Moto mdogo wa injini ambao haujafika nyuma, kizimamoto cha poda kilo 2 kinatosha ukiwahi. Ukishakolea, ondoka, mita 100 hivi, na usisimame mkabala na ncha za silinda. Piga 114, na neno la kwanza kuwaambia Zimamoto liwe "gari lina silinda ya gesi asilia", halafu useme iko upande gani wa gari.

Weka stika ya CNG nyuma ya gari, isomeke. Kama silinda imetolewa, bandua stika, wasije wakapoteza dakika kuitafuta.

Sengerema_Kamanga

Stika yangu imepauka haisomeki. Kesho asubuhi kabla ya Kamanga nitabandika nyingine, na hiyo mipira ya chini nitaipuliza.